Matumbawe ya Kisite kwa Macho ya Wanawake

Mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, wa Lamu au wa Pate, hulala usiku akiwa amezungukwa na bahari bila ya kuiwazia. Kuta za nyumba yake ni matumbawe, na chokaa iliyopakwa juu yake ni matumbawe yaliyochomwa. Mafundi wa zamani walitofautisha mawe mawili. Jiwe gumu la kujengea lilichimbwa nchi kavu, katika miamba iliyoachwa na bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Jiwe la kuchonga lilikatwa baharini likingali hai na laini, likachongwa upesi kabla ya kukauka. Hilo ndilo lililopamba vizingiti, zidaka za ndani na mihirabu ya misikiti. Mihirabu ya Kizimkazi, kule Unguja, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, ni kazi ya jiwe hilo. Na kisiwa cha Mombasa chenyewe, pamoja na majumba na masoko yake yote, kimesimama juu ya mwamba ambao zamani ulikuwa bustani ya samaki.

Basi ni ajabu kwamba miongoni mwetu sisi wanawake wa pwani ni wachache mno waliowahi kuyaona matumbawe yakiwa hai. Tunamjua pono kwenye kikaango, tafi kwenye mchuzi wa nazi, pweza akiisha kupondwa na kulainika. Dada zetu wa Wasini na Vanga hutembea juu ya mwamba maji ya bamvua yanapokupwa, wakitafuta pweza mashimoni, na elimu yao ya mwamba ni kubwa. Lakini nao huuona mwamba kwa juu, maji yakiwa yameondoka. Kuuona kwa chini, maji yakiwa yamejaa na kila kiumbe yuko kazini mwake, kumekuwa jambo la wavuvi wanaume na la wageni wanaopanda ndege kutoka mbali kuja kutazama kilichoko umbali wa saa chache kutoka majikoni mwetu.

Kwa sababu hiyo tulikwenda Kisite. Tulikuwa wanane: walimu wawili, muuguzi, mshoni wa nguo, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na mama mmoja pamoja na binti yake wa miaka kumi na minne. Tulichagua mwezi wa Februari, wakati kaskazi inapovuma kwa upole na maji kuwa maangavu. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili na kuendelea, bahari huchafuka na mpiga mbizi haoni mbali.

Kabla ya safari kulikuwa na maswali matatu ambayo kila mmoja wetu aliulizwa nyumbani kwake, na yanastahili majibu.

La kwanza lilikuwa la stara. Wengi hudhani kupiga mbizi ni jambo la kuvua nguo, ilhali ni kinyume chake. Mpiga mbizi huvaa suti ya mpira inayomfunika kutoka shingoni hadi vifundoni, na mikono yote hadi viganjani, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili hata katika bahari yetu yenye uvuguvugu, na kwa sababu mwamba hukwaruza. Kichwani huvaliwa kofia ya mpira huohuo inayofunika nywele, masikio na shingo. Suti hubana, hilo ni kweli. Sisi tulishonewa na mwenzetu mshoni mavazi ya kuvalia juu yake, ya kitambaa cha kuogelea, yanayofika magotini. Mwalimu aliyakagua moja moja na kukataa kitu kimoja tu, nacho ni ncha zozote zinazopepea, maana mtandio unaopepea majini unaweza kujisokota kwenye vifaa vya kupumulia. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke. Hilo tulilishikilia tangu mwanzo, tukaambiwa haliwezekani mahali pawili, na la tatu likawezekana. Tungeshauri dada zetu waulize mapema na wasikubali jibu la kwanza.

La pili lilikuwa la usalama, nalo lilichukua siku mbili za mafunzo katika bwawa la kuogelea. Mtungi anaoubeba mpiga mbizi mgongoni una hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa. Si oksijeni tupu kama ya hospitalini. Kifaa kinachompa hewa hiyo kwa kadiri ya pumzi yake kilibuniwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943, na mpaka leo hakijabadilika sana. Kanuni ya kwanza ni kwamba mpiga mbizi hazuii pumzi kamwe. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo puto lililojazwa juu likiteremshwa mita 10 husinyaa likawa nusu. Na puto lililojazwa kule chini likipandishwa huvimba mara mbili. Mapafu ni puto. Anayepanda huku amebana pumzi huyahatarisha. Anayevuta na kutoa pumzi kwa utulivu hana la kuogopa upande huo.

Kanuni ya pili ni kupanda polepole. Mwili ukiwa chini hunywesha naitrojeni ndani ya damu, mithili ya gesi iliyofungiwa katika chupa ya soda. Chupa ikifunguliwa kwa ghafla hutoka povu. Ikifunguliwa kidogo kidogo haitoki kitu. Ndiyo maana mpiga mbizi husimama mita 5 kutoka juu kwa muda wa dakika tatu kabla ya kutoka, na ndiyo maana hapandi ndege siku hiyohiyo. Masikio nayo yana adabu yake: kila baada ya mita moja hivi mtu hubana pua na kupuliza taratibu, kama tufanyavyo garini tunapopanda vilima vya Taita. Sikio likiuma, mtu hupanda kidogo, hupuliza tena, kisha huendelea. Mmoja wetu alifanya hivyo mara tatu siku ya kwanza, na hapakuwa na mtu aliyemharakisha.

Kuna wasiopaswa kuteremka. Mwenye pumu, mwenye maradhi ya moyo au ya kifafa, na mwenye matatizo ya masikio amwone daktari kwanza, naye daktari huenda akamkataza. Mjamzito hateremki kabisa. Mwenzetu muuguzi alikuwa na mimba ya miezi minne, na aliujua uamuzi huo kabla ya kuambiwa. Alielea juu kwa miwani na mrija, na kwa mwamba ulio karibu kama wa Kisite alikaribia kuona tulichokiona sisi. Mpiga mbizi anahitaji pia kunywa maji ya kutosha, kwa hiyo Ramadhani si mwezi wake.

Swali la tatu halikuwa na jibu la kitaalamu. Bibi wa yule binti aliuliza: kwa ajili ya nini? Mtoto wa kike aende akatafute nini chini ya bahari, ambako babu zake walikwenda kwa kulazimishwa na njaa? Swali hilo tulilibeba.

Kutoka Likoni barabara ya kusini hupita Ukunda na Ramisi, kisha huacha njia kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto kwenda Shimoni, kijiji kilichopata jina lake kutokana na mapango yake. Mashua ilitupokea alfajiri. Mbele yetu kulikuwa na kisiwa cha Wasini, mji wa Wavumba, ambako hakuna gari hata moja, na mbele zaidi visiwa vidogo vya Mpunguti. Kisite yenyewe, iliyo mbele ya vyote, ni kipande cha mwamba na mchanga ambacho ndege wa baharini wamekifanya makao yao. Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na eneo la akiba la Mpunguti lina 11. Katika la kwanza hakuna kuvua kabisa. Katika la pili mvuvi wa jadi anaruhusiwa kwa dema, ndoano na mishipi yake.

Nahodha hakutia nanga. Aliifunga mashua kwenye boya, kwa kuwa nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichoota kwa miaka mia. Tuliketi ukingoni tumeipa bahari mgongo, mkono mmoja juu ya miwani, tukapiga bismillahi, tukajiachia kinyumenyume.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni sauti. Tulitarajia kimya, tukakuta mchakato usiokoma, kama mafuta ya bajia yakichemka karaini. Mwalimu alikuwa ametuambia: ni kamba wadogo waliojificha katika nyufa, kila mmoja akialisha gando lake, maelfu kwa maelfu. Juu ya mchakato huo husikika mkwaruzo mwingine, mzito zaidi, na huo ni wa pono. Meno yake yameungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, naye huparua mwamba kutwa nzima akitafuta mwani, akameza na mawe yenyewe, akayasaga kooni na kuyatoa nyuma yake yakiwa mchanga mweupe. Tulimwona akifanya hivyo mbele ya macho yetu, wingu la unga likimfuata. Pono mmoja mkubwa huweza kutoa makumi ya kilo za mchanga kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe zetu, ule ambao wageni huusifia, imepita tumboni mwa samaki tunayemkaanga.

Kitu cha pili ni rangi, na hapa macho hudanganya. Maji hula wekundu kwanza. Mwenzetu mmoja alivaa kofia nyekundu ya kung'aa. Tulipofika mita 10 ilikuwa rangi ya tope. Mwalimu alipomulika tochi, wekundu ulirudi mara moja, na si wa kofia tu: ukuta wa mwamba tulioudhani wa kijivu ulifunuka ukiwa na zambarau, manjano na rangi ya damu ya mzee. Samaki hawakuhitaji tochi. Vipepeo wa manjano walipita wawili wawili, kangaja wa buluu kwa makundi, na chini ya meza moja ya matumbawe alikaa tewa mnene, kinywa wazi, huku kisamaki chembamba cha buluu kikiingia na kutoka kinywani mwake kikimsafisha meno na matamvua. Tewa angeweza kukimeza kwa mkupuo mmoja. Hakukimeza. Samaki wengine wawili walikuwa wakingoja zamu zao nyuma yake, kwa utaratibu ambao haupatikani katika foleni za ofisi zetu.

Tumbawe lenyewe, wasomaji wetu, si jiwe wala si mmea. Ni kijiji cha wanyama, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchele, kila mmoja akiwa na kinywa kilichozungukwa na vikono laini, amekaa katika kikombe cha chokaa alichojijengea mwenyewe. Ndani ya nyama yake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwenye nyumba humpa mpangaji hifadhi. Mpangaji hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kulipa kodi kwa chakula hicho, hata sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe hutoka kwa mwani huyo. Rangi zake nyingi pia ni za mpangaji. Ndiyo sababu matumbawe ya namna hii hukaa maji mafupi, maangavu, yanakofikiwa na jua. Usiku vikono hufunguka na kunasa vijidudu vinavyoelea. Mchana hujikunja, na mtu asiyejua huona jiwe.

Tulifika kwenye tumbawe moja la mviringo lililokuwa refu kuliko yeyote miongoni mwetu. Aina hiyo, ambayo ndugu zake ndio waliochongwa mihirabu, huongezeka kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Kama ni hivyo, lile lilianza kuota kiasi cha miaka 200 nyuma, wakati Ngome ya Mombasa ilipokuwa bado mikononi mwa Wamazrui. Halikuguswa na yeyote kati yetu. Ngozi ya tumbawe ni nyembamba kama utando wa maziwa, na kidole kimoja huiua pale kilipogusa. Mafuta ya kujikinga na jua nayo yamo katika kesi: baadhi ya kemikali zake huyadhuru matumbawe, hata visiwa vya Hawaii na nchi ya Palau zimepiga marufuku baadhi yake. Sisi hatukuhitaji mafuta. Aliyejisitiri kutoka utosini hadi vifundoni ana sehemu ndogo sana ya kupaka.

Lakini haikuwa bustani kila mahali. Nyuma ya tumbawe lile kubwa palikuwa na uwanda mzima wa matawi yaliyovunjika, ya kijivu, yamevikwa mwani mchafu kama nywele. Ulikuwa mkubwa kiasi cha uwanja wa shule. Tuliogelea juu yake kwa dakika nyingi, na samaki walikuwa wachache.

Habari ya mahali kama hapo huanza na joto. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji huvunjika. Mwani hugeuka sumu, tumbawe humfukuza, na kwa kuwa rangi ilikuwa ya mpangaji, linalobaki ni weupe wa chokaa unaoonekana kupitia nyama iliyo kama kioo. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai, lina njaa. Maji yakipoa mapema, mpangaji hurejea, yakichelewa, linakufa. Mwaka 1998, mwaka wa mvua kubwa za El Niño ambazo watu wazima wote wanazikumbuka kwa madaraja yaliyochukuliwa, bahari yetu ilipata joto la kupindukia miezi ya Machi na Aprili, na sehemu nyingi za mwambao wa Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake. Wanasayansi walikadiria kwamba asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yalikufa katika tukio hilo moja. Mwaka 2016 joto lilirudi. Mwezi wa Aprili 2024 likatangazwa tukio la nne la kupauka duniani kote.

Joto hilo hatulizimi sisi kwa mikono yetu. Lakini mwamba uliopigwa na joto hupona au haupati kupona kulingana na mambo mengine, na mengine hayo yako karibu nasi. Chukua mfano wa shokomzoba, yule mwenye miiba mirefu myeusi anayewachoma watoto. Naye huparua mwamba, na wakizidi huumomonyoa wote. Anayewapunguza ni kikande, samaki mwenye meno makali na ngozi ngumu, ambaye huwapindua na kuwala. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika miamba ya Kenya ulionyesha kwamba kikande wakivuliwa hadi kwisha, shokomzoba hujaa na mwamba hulika. Mahali walipoachwa, mambo hurudi katika mizani. Kisite tulimwona kikande mmoja akipuliza maji chini ya shokomzoba ili ampindue, akarudia, akarudia, kwa subira ya fundi. Na katika uwanda ule wa kijivu, mwalimu alitumulikia matumbawe machanga, mapana kama sahani ya chai, yaliyoshika juu ya mifupa ya yale ya zamani. Tulihesabu kumi na moja kabla hewa haijatulazimisha kupanda.

Tuseme pia lisilopendeza. Hifadhi hii ilipotangazwa mwaka 1973 iliwanyang'anya wavuvi wa Shimoni na Wasini malindi waliyoyarithi, na upinzani wao ni miongoni mwa sababu zilizofanya mipaka ipangwe upya mwaka 1978. Hata leo wapo wazee wanaoitaja kwa uchungu, na haki yao isikilizwe. Samaki wa Kisite waliponea kwa gharama ya chungu cha mtu. Ni kweli pia kwamba samaki hajui mpaka, na wavuvi wenyewe hutega karibu na ukingo wa hifadhi kwa kuwa ndiko wanakotokea wakubwa. Kule Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walianza kwa njia nyingine: wao wenyewe ndio waliofunga hekta 30 za bahari yao mwaka 2005, wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia iliyo bora, maana mlinzi na mwenye mali ni mtu mmoja.

Adhuhuri tulisali Wasini, katika nyumba ya bi mkubwa mmoja aliyetupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kisiwa hicho kina bustani nyingine ya matumbawe, ya nchi kavu: miamba ya kale iliyosimama wima kama masinagogo ya mchwa, na maji hupita kati yake bamvua likija. Akina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu yake, hutoza wageni ada ndogo ya kuitembea, na fedha hizo husaidia karo za watoto na mahitaji ya kijiji. Wao na wavuvi, wakisaidiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wameshiriki pia katika kupandikiza matumbawe na nyasi bahari. Vipande vilivyovunjika hukuzwa kwanza kwenye kitalu cha chini ya maji, kisha hupandwa mwambani, kama mtu anavyopanda miche ya mnazi.

Bi mkubwa alikuwa mvuvi wa pweza kwa zaidi ya miaka arubaini. Alipokwisha kutuandalia, alimwita binti yetu mdogo akae karibu naye, akamwuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri: mwanangu, pweza huko ndani hukaaje? Binti akamweleza. Alimwona mmoja ndani ya shimo lake, macho mawili tu nje, na mlangoni amejipangia mawe moja baada ya moja, akiyavuta kwa mkono kama anayefunga duka. Alipoona watu alivuta jiwe moja zaidi. Kisha rangi yake ikawa ile ya mwamba, na binti hakuamini kwamba bado yupo.

Bi mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi. Yale mawe, alisema, anayajua. Yeye humtambua pweza kwa maganda ya kaa na kome yaliyotupwa nje ya mlango, maana ni mlaji asiyefagia. Miaka yote hiyo ameyaondoa mawe yale kwa kijiti chake bila ya kujua kwamba kila moja liliwekwa kwa mkono. Akamfundisha binti jinsi ya kulitambua shimo lenye mwenyewe na shimo lililohamwa, na jinsi ya kutembea juu ya mchanga ulio kati ya matumbawe badala ya kuyakanyaga, jambo ambalo mama yake mzazi alimfundisha kabla hakujakuwa na hifadhi wala mtafiti. Siku hizi, alisema, pweza ni wachache na wadogo, na wasichana wa kisiwani hawataki tena kujifunza. Wawili hao walizungumza mpaka nahodha akatuma mtu kutuita mara ya pili, maji yalikuwa yanaondoka.

Binti huyo sasa ameamua kusoma elimu ya bahari. Bibi yake hajaridhia, ila ameacha kuuliza kwa ajili ya nini. Siku hizi anauliza kama huko chuoni walimu wa kike watakuwapo.

Tumepata maombi mengi ya safari nyingine, kwa hiyo tunaeleza linalohitajika. Mtoto anaweza kuanza mafunzo kamili akiwa na miaka 10, na katika umri huo hapelekwi chini ya mita 12. Kujua kuogelea ni lazima; kujua sana si lazima, utulivu ndio mtaji. Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli mtupu, na mwenye shaka aende na barua ya daktari. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na raia hulipa chini ya mgeni, basi beba kitambulisho. Wasiotaka mtungi waje na miwani na mrija. Pale Kisite watu wazima wengi hutosheka na hivyo. Makombe na matumbawe hayaokotwi, hata yaliyokufa, na anayeyauza ufukweni asinunuliwe. Mavazi ya juu ya suti mshoni wetu ameyakatia vipimo vya wasichana pia. Kaskazi hutulia Januari hadi Machi, na mashua moja huchukua watu kumi.